Wiki ya Masika na Jani la Jimbi

Jumatatu: nyuma ya bafu, kisha Kongowea

Mvua ilianza saa tisa usiku na haikukata mpaka kulipopambazuka. Sisi mafundi wa rangi, masika hutuweka nyumbani. Ukuta wenye unyevu ukiupaka kwa pupa, wiki ya pili rangi hutumbuka malengelenge, na lawama ni zako. Kwa hivyo brashi zangu zimelala, nami nimepata nafasi ya kufuatilia jambo ambalo limeninyima raha kwa mwezi mzima.

Mwezi wa pili nilipaka kuta za nje za nyumba moja ya ghorofa upande wa Nyali. Nilimshauri mwenye nyumba achukue rangi ya kung'aa, ile ghali, nikamwambia kwa mdomo wangu: ukuta ukiwa laini kama kioo, uchafu hauna pa kushika. Aliniamini. Mvua za kwanza za mwezi wa tatu zilipopiga, kila dirisha liliteremsha michirizi myeusi mpaka chini. Aliniita nikaone. Hakunigombeza, alinionyesha tu kwa kidole, na afadhali angenigombeza.

Sasa nyuma ya nyumba ya mama yangu, Kisauni, pale yanapotokea maji ya bafu, pamesimama majimbi. Vumbi la barabara ni lile lile, moshi wa tuktuk ni ule ule, mvua ndiyo hiyo moja. Ukuta wa bafu umeota weusi, na jani la jimbi, lililo shubiri moja kutoka ukutani, ni safi kama limetoka kufuliwa. Nimelipita jani hilo maisha yangu yote. Leo asubuhi nimechutama mbele yake.

Mpwa wangu yuko likizo ya Aprili kwa nyanya yake, akaja kuchutama nami. Tone moja lilikuwa limekaa katikati ya jani, pale bua linaposhika, la mviringo kama gololi, chini yake panameta fedha. Akaligusa bua kidogo. Tone likaenda mbio, likazunguka, likarudi, likaruka ukingoni. Hata alama ya maji halikuacha.

"Mjomba, kwani limepakwa mafuta?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameshalisugua kwa kidole gumba ili ahakikishe. Mama akatuona kutoka mlangoni. "Msilisugue hilo! Mkilisugua halitakuwa jimbi tena, litakuwa jani tu." Na kweli, tulipodondosha tone jingine, lilibingirika vizuri mpaka lilipofika pale pa kidole, likasimama, likalala. Kiraka cha kijani kilichokolea, ukubwa wa shilingi, kilikuwa kimetokea katikati ya ule ukijivu wa jani. Nimefunga uzi mwekundu kwenye bua nisije nikalipoteza.

Saa mbili tulikuwa Kongowea. Nilitaka kuona majani mengi kwa pamoja, na hakuna pengine Mombasa utakapoyaona kama pale, malori yanaposhusha mboga. Sukuma wiki na kabichi zilikuwa zimenyeshewa. Mama mmoja alikuwa akichukua fungu baada ya fungu, analikung'uta mara moja, maji yote yanaruka kama shanga zilizokatika uzi, fungu linarudi mezani likiwa kavu. Nikamuuliza kama sukuma zote hufanya hivyo.

"Zikiwa bado na unga wake," akasema. "Unaona huu weupe-weupe? Wateja wakishazitomasa kutwa, jioni unga umetoka, sukuma inakuwa kijani giza, na maji yanaikalia. Hiyo hailali, kesho yake imeoza."

Unga huo ni nta. Jani lenyewe huitoa kupitia ngozi yake ya juu, na nta hiyo haikai kama utando wa mafuta, hujijenga kwa vipande vidogo mno, kila kimoja kimesimama kivyake. Mama yule hakuhitaji hadubini kuijua. Amezishika sukuma miaka kwa miaka, na kidole chake kimemwambia.

Jumanne: mikoko ya Mikindani

Matatu mpaka Mikindani, kisha kwa miguu kuteremka ufukoni. Maji yalikuwa yamekupwa, tope hadi kifundoni. Nilikuja na wazo kwamba mti unaoishi baharini lazima uwe bingwa wa kukataa maji. Nilikosea.

Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta kaa kwa mti wenye ndoana alitukuta tumeinamia mchu, aina mojawapo ya mikoko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwatafuta nini na tope lote hili?"

Nikamweleza. Akacheka kwa upole, akamwambia mpwa wangu alilambe jani. Akalamba, akasema halina ladha. "Hilo la juu limeoshwa na mvua ya usiku. Lamba lile la chini, lililofunikwa." Akalamba, akakunja uso. Chumvi tupu. Ukiligeuzageuza jani lile kwenye mwanga unaziona chembe zake.

Mkoko huizuia chumvi nyingi mizizini, isipande. Mchu huipandisha kiasi, kisha hutema kwa vitezi vilivyo kwenye majani. Kwa hiyo mchu unaihitaji mvua iuoshe, lakini hauoshwi kwa namna ya jimbi. Tone nililodondosha juu ya jani lenye chumvi lililala bapa, likatandaa, likaiyeyusha chumvi na kuteremka nayo. Tena watafiti wameonyesha kwamba mchu unaweza kunywa maji kwa majani, umande na mvua vikiingia humo humo. Mti ulio na kiu katikati ya bahari, ukikataa kila tone litokalo mbinguni utaishi vipi?

Nilirudi nikiwaza kwamba jani halina desturi moja. Kila mti umeamua vile unavyotaka maji yaufanyie.

Jumatano: Bamburi, na usiku wa kijiko cheusi

Mchana haukuwa na mengi. Kwenye dimbwi moja Bamburi, karibu na machimbo ya zamani, kulikuwa na lile gugu la maji linaloelea lenye sura ya kabichi changa. Jani lake limejaa vinyweleo. Mpwa wangu alilizamisha kwa mkono, na ndani ya maji likageuka rangi ya kioo: hewa imeshikwa kati ya vinyweleo, imelifunika lote. Alipoliachia likaibuka kavu. Lile gugu jingine, salvinia, lililoliziba Ziwa Naivasha kuanzia miaka ya 1960, nalo hubeba hewa hivyo hivyo, kwa vinyweleo vilivyojikunja nchani. Wachunguzi wa Bonn, Ujerumani, walieleza mwaka 2010 kwamba ncha zenyewe za vinyweleo hivyo hupenda maji, zikayashika juu yasiteleze kuingia, wakaanza kufikiria meli zinazotembea zimevaa hewa.

Usiku stima ikapotea mtaa mzima, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mikono yangu kile nilichokuwa nimekisoma kwa macho tu.

Nilikuwa na kipande cha kigae kilichobaki kazini. Nilikisugua kwa mshumaa, nikakipasha kidogo ili nta isambae iwe laini kabisa, nikakiacha kipoe. Tone la maji juu yake lilisimama kama nusu ya chungwa. Tukafurahi. Nikakiinamisha kigae, tone halikwenda. Nikakisimamisha wima, tone liko pale pale, limening'inia. Nta ipo, maji yameikataa nusu tu, na tone likishakauka huacha uchafu wake mahali lilipokuwa. Ukuta wangu wa Nyali huo!

Kisha nikachukua kijiko cha bati, nikakishika ndani ya ulimi wa njano wa mshumaa mpaka kikafuka cheusi ti. Kilipopoa nikadondosha tone. Hatukuwahi hata kuliona vizuri: liligusa, likaruka, likabingirika mpaka shingoni mwa kijiko, likaanguka mezani. Tukadondosha jingine, likafanya vile vile. Mpwa wangu alipiga kelele mpaka nyanya yake akaja na tochi.

Nimezoea kusema ukuta "umepigwa msasa ukawa laini", na kumbe masizi ni kitu kikwaru kuliko vyote vilivyomo ndani ya nyumba hii. Punje juu ya punje, mashimo kati yake. Tone hukaa juu ya ncha za punje kama mkeka uliotandikwa juu ya boriti: mkeka unagusa boriti peke yake, kwingine kote chini ni uwazi. Katika uwazi huo imo hewa. Maji hujivuta yenyewe yawe duara, na yasipokuwa na cha kuyashika chini, hubaki duara na kuondoka.

Mafundi wa elimu hii huipima kwa pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na kile kilicho chini yake. Kwenye kioo safi ni ndogo mno, maji yamelala. Kwenye nta laini hupanda kufikia kama nyuzi 110, na hapo hukwama. Hata dawa kali kuliko zote za kufukuza maji, ikiwa juu ya kitu laini, haivuki sana nyuzi 120. Jani la lotasi, ua la madimbwini ambalo Wahindu wamelifanya alama ya usafi tangu kale, hufika karibu nyuzi 160. Lina vinundu vya urefu wa kama maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani unene wake ni kama maikromita 70, na juu ya kila kinundu kuna msitu wa vijiti vya nta vidogo zaidi. Ukwaru juu ya ukwaru. Jimbi nalo limejengwa kwa namna hiyo.

Ukwaru peke yake pia hautoshi, na hili kila fundi wa plasta analijua: ukuta wa plasta kavu ni mkwaru, nao hunywa maji kama ngamia. Mtafiti Robert Wenzel aliandika mwaka 1936 kwamba ukwaru hukuza tabia iliyopo: kinachopenda maji hukifanya kiyapende zaidi, kinachoyachukia kiyachukie zaidi. Mwaka 1944 watafiti wengine wawili, Cassie na Baxter, wakaongeza habari ya hewa iliyobaki chini. Lakini mtu ambaye ningependa kumpa mkono ni Wilhelm Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Miaka ya 1970 alikuwa akiyatazama majani kwa hadubini ya elektroni, ambapo kila jani lazima kwanza lioshwe vumbi. Akaona ajabu: majani yaliyo laini ndiyo yaliyokuja machafu, na yale yaliyojaa vinundu na nta yalikuja safi, hayahitaji kuoshwa. Mwaka 1997, yeye na Christoph Neinhuis, wakayachapisha hayo kwa upana. Mwaka 1999 rangi ya kuta za nje iliyotengenezwa kwa wazo hilo ikaingia sokoni Ujerumani, na haing'ai hata kidogo.

Nilizima mshumaa nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Miaka yote hii nimekuwa nikiuza kung'aa.

Alhamisi: feri, Mtongwe, sabuni

Likoni palikuwa na umati, mvua imetukuta kwenye mteremko. Mama mmoja mbele yetu alikuwa amejifunika kipande cha jani la mgomba, na wa pembeni yake alikuwa na mwavuli wa bei ndogo uliokwisha kuvuja. Sitasema nani alifika ng'ambo akiwa mkavu zaidi.

Shemeji yangu analima Mtongwe: mahindi, migomba michache, sukuma ya kuuza. Mahindi yake yalikuwa ya kiunoni, na hapo nimeona kitu ambacho wakulima wengi wamekipita kama nilivyolipita jimbi. Majani ya chini kabisa, yale ya kwanza kutoka, yana ukijivu, na tone likianguka juu yake hubingirika. Majani ya juu yanang'aa, na tone juu yake hutandaa. Mmea mmoja, ngozi mbili. Hindi huvaa nta nyingi katika majani yake matano au sita ya kwanza, kisha hubadilisha. Na tazama tena ni lipi linaloshika maji: lile linalong'aa.

Shemeji alikuwa akitayarisha dawa ya viwavi kwa ajili ya sukuma. Akatia kifuniko cha sabuni ya maji ndani ya bomba. Nikamuuliza kwa nini, ingawa nilishaanza kujua.

"Bila sabuni ni kumwagilia mchanga, shemeji. Dawa yote inateleza."

Nikamwomba tone moja la maji matupu na tone moja la yale ya sabuni, tukayaweka kwenye jani moja la sukuma. La maji likakaa gololi. La sabuni likalala pale pale, likaingia kwenye unga wa jani, jani likageuka kijani giza. Sabuni huvunja ule mvuto unaoyafanya maji yajikusanye, hata yanashindwa kusimama juu ya ncha, yanazama katikati na kuitoa hewa. Kwa mkulima ni faida, dawa inagusa. Lakini namshauri yeyote asizidishe, maana jani lililolowa namna hiyo limevuliwa nguo.

Maana maji juu ya jani si jambo dogo. Jani hupumua kwa vitundu, na hewa ukaa ambayo ndiyo chakula chake hupita ndani ya maji polepole kuliko ndani ya hewa kwa kama mara 10,000. Utando wa maji ukifunika vitundu, jani linakaa na njaa mvua ikinyesha. Na mbegu za kuvu nyingi hungoja huo unyevu ndipo ziote. Tone linalobingirika huondoka na mbegu kabla hazijashika.

Jinsi linavyoondoka nazo tuliiona hapo hapo. Mpwa wangu alichota vumbi kavu chini ya ukumbi, akalinyunyizia jimbi lililoota mtaroni. Tone likapitishwa. Lilianza wazi, likatoka jeusi, na nyuma yake limeacha njia safi ya kijani, kama donge la mahamri lililobingirishwa kwenye unga likausomba wote. Vumbi nalo lilikuwa limesimama juu ya ncha za nta, halijashikana na jani, na maji yalipopita yakalishika kwa nguvu kuliko jani lilivyokuwa likilishika. Tone linaloteleza kwa kuburura hupita juu ya vumbi na kuliacha. Hili halibururi, linabingirika. Tulirudia mara nane au tisa, hakuna aliyetaka kuacha.

Ijumaa

Mvua kutwa. Baada ya swala nilipitia nyuma ya bafu. Kiraka cha kidole gumba bado kipo, na tone bado linasimama pale. Pembeni yake kuna jani jipya, limejiviringa kama karatasi ya tambuu, halijafunguka.

Jumamosi: Nyali

Nilikwenda kwa mwenye nyumba bila kuitwa. Nilimwambia ukweli: nilikushauri vibaya, kung'aa hakumaanishi usafi. Nikamweleza jani na kijiko, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali la haki kabisa: basi kwa nini usinipake hiyo ya Wajerumani?

Nikamjibu vile ninavyoamini. Jani hutoa nta likiwa hai, na likichakaa mmea huliangusha na kutoa jingine. Ukuta hauna mzizi. Vinundu vya rangi vikishasuguliwa na ngazi, na kamba za nguo, na mabega ya watoto, havioti tena, na chumvi ya bahari hii haituachii kitu. Siikatai rangi hiyo, ningependa kuijaribu kwa pesa zangu kwanza, kwenye bafu la mama. Lakini michirizi yake ina chanzo kingine ambacho nilipaswa kukiona kabla ya kufungua kopo la kwanza. Maji yanakusanya vumbi juu ya kizingiti cha dirisha, yanapinda ukingo, yanarudi ukutani na kuteremka polepole. Jimbi halikubali hivyo. Ncha ya jani lake imeelekea chini, maji yakifika nchani yanakatika na kuanguka mbali na bua.

Niliomba ngazi. Chini ya kila kizingiti, nchi moja kutoka ukingoni, nilichonga mfereji mwembamba kwa patasi na nyundo, urefu wa dirisha zima, ili maji yakifika hapo yashindwe kurudi ukutani. Madirisha saba, saa nne za kazi, sikumdai. Mpwa wangu alikuwa chini akinishikia ngazi na kula embe.

Saa kumi na moja wingu lilitanda kutoka upande wa bahari. Tulisimama watatu barazani, mimi na mpwa wangu na mwenye nyumba, shingo juu. Maji yalijaa juu ya kizingiti cha kwanza, yakapinda ukingo, yakaufikia mfereji. Pakafanyika safu ya matone, moja baada ya jingine, yakinenepa. La kwanza likakatika, likaanguka moja kwa moja kwenye maua ya chini, ukuta haukuguswa.

"Lile pale, mjomba," mpwa wangu akasema, na la pili likafuata.